Kelele za jirani kwenye nyumba ya kupanga: hatua za kuchukua kabla hamjagombana

Kila tunapofungua simu za wasikilizaji kuzungumzia maisha ya nyumba za kupanga, malalamiko mawili hutangulia: kodi na kelele. Kodi ina siku yake, ukilipa unapumzika mpaka mwezi mwingine. Kelele hurudi kila usiku.

Anayepiga simu huwa amechoka. Ni mama mwenye mtoto mchanga, au kijana anayeamka saa 10 alfajiri kuwahi gari la sokoni, au mwanafunzi wa kidato cha nne anayesoma kwa taa ya simu. Ukuta wa pili kuna sabufa. Anatuuliza: "Nifanye nini? Nikinyamaza silali, nikisema nitaonekana mchawi wa furaha za watu."

Makala hii ni jibu refu kuliko lile tunaloweza kulitoa hewani kati ya wimbo na tangazo. Tumeipanga kwa hatua, kuanzia zile unazoweza kuzifanya leo jioni bila gharama, mpaka zile za sheria. Na tuseme ukweli mapema: sisi watu wa redio tumo kwenye kesi hii. Muziki unaomkera jirani yako mara nyingi ndio huu tunaoucheza sisi. Mmoja wetu aliwahi kugongewa mlango saa 5 usiku na mama wa chumba cha pili, mtoto mgongoni, akiomba redio ipunguzwe. Mtangazaji huyo alidhani sauti yake ni ya kawaida. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo, ila hakuwahi kusimama upande ule wa ukuta.

Tunaomba ulikumbuke hilo unapoendelea kusoma. Wengi wanaopiga kelele hawajui zinasikika vipi kwa mwenzao.

Kwa nini sauti inapita kirahisi hivi

Nyumba nyingi za kupanga kwenye senta zetu zimejengwa kwa mtindo mmoja: vyumba vinne, sita au kumi kwa safu, vinatazamana au vina baraza moja, na bati moja juu ya vyote. Ukuta kati ya chumba na chumba mara nyingi unaishia kwenye linta au chini kidogo ya kenchi. Kama hakuna dari, juu ya ukuta panabaki uwazi. Sauti haina haja ya kutoboa tofali. Inapanda, inagonga bati, inashuka upande wa pili. Ndiyo maana unaweza kusikia jirani akikohoa ingawa ukuta ni mnene.

Jambo la pili ni besi. Sauti nyembamba, kama ya filimbi au ya mtu anayezungumza, huzuiwa kwa kiasi na ukuta, pazia na nguo. Mdundo mzito wa sabufa hauzuiliki hivyo. Hupita kwenye ukuta na sakafu, na unaweza kuuhisi kifuani hata kama maneno ya wimbo huyasikii. Sabufa ikiwekwa sakafuni au ikiegemezwa ukutani, nyumba nzima inageuka ngoma.

La tatu ni maisha yenyewe kubadilika. Umeme umefika vijiji ambavyo zamani vilikuwa na redio za betri tu. Wakati wa mavuno watu wanakuja kwa miezi miwili au mitatu: wanunuzi wa mazao, vibarua, madereva, mafundi. Wanapanga chumba, wanafanya kazi kwa zamu, halafu wanaondoka. Jirani wa miaka kumi unamjua kwa jina la mtoto wake, lakini wa msimu hata kabila lake hulijui. Ni vigumu kumwambia "punguza" mtu ambaye hujawahi kumsalimia.

Kelele si usumbufu tu

Sauti hupimwa kwa kipimo kinachoitwa desibeli. Mnong'ono ni kama desibeli 30. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili waliokaribiana ni kama 60. Kila desibeli 10 zikiongezeka, masikio yetu husikia kama sauti imekuwa kubwa mara mbili. Kwa hiyo tofauti ya 50 na 70 si ndogo kama namba zinavyoonekana.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999 kuhusu kelele kwenye jamii, lilisema kwamba ili mtu alale vizuri, sauti inayoendelea ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30. Kelele za muda mrefu zimehusishwa na usingizi mbovu, shinikizo la damu, maradhi ya moyo, na watoto kushindwa kufuatilia masomo. Mtu asiyelala usiku, asubuhi anashika panga, anaendesha bodaboda, au anamnyonyesha mtoto akiwa na hasira. Basi usijione mnyonge au mkorofi kwa kulalamika. Usingizi ni afya.

Kabla ya yote: ni kelele, au ni mtu anaomba msaada?

Kuna sauti ambazo hazimo kwenye mjadala wa usumbufu. Ukisikia mtu anapigwa, mwanamke analia kuomba aachwe, au mtoto analia kwa namna ya kuumizwa, hiyo si kelele ya jirani. Ni wito. Usigonge ukuta kuwaambia wanyamaze.

Usiingie peke yako kwenye ugomvi wenye silaha. Amsha majirani wengine, mwite mwenyekiti wa kitongoji, na piga simu polisi kwa namba 112. Kwa jambo linalomhusu mtoto, ipo namba 116 ya msaada kwa watoto, na kupiga ni bure. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Msemo wa "mambo ya ndani hayatuhusu" umewagharimu watu maisha.

Vilevile, mtoto mchanga anayelia usiku, mgonjwa anayekohoa, mzee aliyechanganyikiwa anayezungumza peke yake: hawa hawawezi kupunguza sauti. Kwao tunachukuliana, na ikiwezekana asubuhi unauliza kama kuna msaada unahitajika.

Hatua ya kwanza: zungumza mapema, mchana, ana kwa ana

Wengi wanakosea hapa kwa namna mbili. Wa kwanza ananyamaza miezi mitatu, halafu usiku mmoja analipuka. Wa pili anakwenda muda uleule kelele zinapovuma, mwenzake akiwa na wageni na bia mezani. Mtu akisemwa mbele ya rafiki zake hatetei tena sauti, anatetea heshima yake.

Nenda kesho yake, mchana au jioni mapema, mkiwa wawili. Piga hodi, salimia. Kama ni mkubwa kwako mpe shikamoo yake. Anza na maisha, si na shutuma. Halafu sema jambo moja lililo wazi. Kwa mfano:

"Baba Juma, habari za kazi? Samahani, nina ombi dogo. Mimi naamka saa 10 kuwahi gari, na kichwa cha kitanda changu kipo ukuta huu wa kwako. Ikifika saa 4 usiku, naomba unipunguzie ule mdundo. Mchana cheza tu, hata mimi huwa nausikiliza."

Angalia kilichomo. Hukusema "unatusumbua". Umeeleza hali yako, umetaja saa, umetaja mdundo na si muziki wote, na umemwachia mchana wake. Ombi la "acha kelele" halina mwisho, mtu hajui ameshalitimiza au la. Ombi la "saa 4 punguza besi" linaeleweka na linapimika.

Hapa ndipo kiini cha makala hii yote. Ugomvi mwingi wa kelele tunaousikia kwenye simu ni ugomvi wa saa. Watu wawili wanaotumia ukuta mmoja wana ratiba mbili tofauti. Mkikubaliana saa, mmemaliza zaidi ya nusu ya kazi. Mkianza kubishana nani ana tabia mbaya, hamtamaliza.

Mpe namba yako ya simu. Mwambie: "Na mimi nikikukera, nitumie ujumbe tu." Ujumbe mfupi wa usiku usiwe wa amri. "Kaka, samahani, saa imefika" unatosha.

Kama unaogopa kwenda peke yako, hasa mwanamke anayekwenda kwa mwanaume mlevi, usiende. Mtumie mtu mzima wa nyumba ile, au mke wake, au mwenye nyumba.

Hatua ya pili: mfanye makubaliano ya nyumba nzima

Kama kelele zinawagusa wapangaji wengi, msimwendee mtu mmoja kama kundi la mahakama. Itisheni kikao kifupi cha nyumba, vilevile mnavyokaa kugawana bili ya umeme au zamu ya kufagia choo. Yawe makubaliano ya wote, naye akiwemo.

Makubaliano mazuri ni machache. Tunapendekeza haya:

- Saa ya kushusha sauti. Saa 4 usiku ni ya busara, na utaona hapa chini kwamba hata kanuni za nchi zimeanzia hapo.
- Saa ya asubuhi ya kuanza kupandisha, mfano saa 12.
- Sabufa isiwekwe kwenye ukuta wa pamoja wala sakafuni bila kitu chini yake.
- Mwenye sherehe, ngoma au mkesha atoe taarifa siku mbili kabla, aseme unaanza na kuisha saa ngapi.
- Pikipiki izimwe getini na kusukumwa ndani baada ya saa 4. Simu zenye spika ya sauti ya juu zisipigiwe barazani usiku.
- Wakati wa msiba au mgonjwa mzito, nyumba yote inashusha.

Yaandikeni kwenye karatasi, kila mmoja aweke sahihi, nakala abaki nayo mwenye nyumba. Mpangaji mpya akija, hasa wa msimu, asomewe siku anayopokea ufunguo. Ni rahisi kukubali sheria siku ya kwanza kuliko kuletewa baada ya ugomvi.

Mwenye nyumba ana kazi hapa

Wenye nyumba wengi husema, "Nyie malizaneni." Lakini yeye ndiye anayepokea kodi ya vyumba vyote, na yeye ndiye mwenye uwezo wa kurekebisha jengo. Mambo matatu mnaweza kumwomba.

Kwanza, azibe uwazi wa juu ya kuta, kwa tofali mpaka kwenye bati au kwa dari. Hiyo peke yake hubadilisha nyumba. Pili, aingize kipengele cha utulivu wa usiku kwenye mkataba wa upangaji, na kama mkataba ni wa mdomo, aufanye wa maandishi. Tatu, apangishe kwa akili: chumba kinachotazama barabara ampe anayerudi usiku, cha ndani ampe mwenye watoto.

Mwenye nyumba msomaji wetu, zingatia hesabu hii. Mpangaji mtulivu anayelipa kwa wakati ndiye wa kwanza kuhama kelele zikizidi. Unabaki na wale waliomfukuza.

Rekebisha chumba chako

Wakati mazungumzo yakiendelea, usiku wa leo bado unapaswa kulala. Haya yanasaidia kwa gharama ndogo:

*Hamisha kitanda.* Kitoe kwenye ukuta wa pamoja, kipeleke upande wa pili wa chumba. Kama haiwezekani, geuza kichwa kiwe mbali na ukuta huo.

*Kabati na nguo.* Weka kabati, magunia ya mahindi au rundo la nguo kwenye ukuta wa jirani. Kitu kizito na kinene hupunguza sauti. Vitu vyepesi havisaidii. Trei za mayai zinazobandikwa ukutani, ambazo wengi wameziona kwenye studio ndogo, hupunguza mwangwi ndani ya chumba tu. Haziwezi kuzuia sauti ya jirani isiingie.

*Ziba nyufa.* Sauti hupita panapopita hewa. Ziba kwa plasta nyufa na matundu ya nyaya, weka kitambaa kilichokunjwa chini ya mlango. Lakini usizibe madirisha yote. Chumba chenye jiko la mkaa au watu wengi lazima kipate hewa, na usilale kabisa na jiko la mkaa ndani.

*Sauti laini ya kufunika.* Feni, au redio kwa sauti ya chini sana, inaweza kufunika mazungumzo ya upande wa pili. Haifuniki besi.

*Vizibo vya masikio.* Vile vya sponji huuzwa kwenye baadhi ya maduka ya dawa. Pamba pekee husaidia kidogo mno. Usisukume kitu chochote ndani sana, na usimwekee mtoto mdogo. Mwenye mtoto mchanga au mgonjwa ndani asizibe masikio yote mawili.

Sheria inasemaje

Kwa Tanzania, kelele si suala la hisani peke yake. Katiba, ibara ya 16, inalinda maisha binafsi ya mtu, familia yake na maskani yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na mwaka 2015 zilitoka kanuni zake za kudhibiti kelele na mitetemo. Msimamizi wake ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, pamoja na halmashauri.

Kanuni hizo zinagawa mchana na usiku. Mchana ni kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 4 usiku. Usiku ni kuanzia saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Viwango vya juu vinavyoruhusiwa ni hivi:

- Maeneo ya makazi: desibeli 50 mchana, 35 usiku.
- Makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani, kama senta zetu nyingi: desibeli 55 mchana, 45 usiku.
- Maeneo ya hospitali: desibeli 45 mchana, 35 usiku.

Kumbuka mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Sabufa inayosikika nyumba ya tatu usiku, uwezekano ni mkubwa kwamba imeshavuka mpaka.

Zipo programu za simu za kupima sauti. Zitumie kupata picha ya jumla, lakini usizitegemee kama ushahidi wa mwisho. Kipimo rasmi hufanywa na afisa kwa kifaa maalumu.

Kanuni ya Adhabu nayo, Sura ya 16, kifungu cha 170, inalifanya kosa la kero kwa umma kuwa la jinai, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha mwaka mmoja. Aidha vijiji vina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, ambazo zinapitia mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Muulize mtendaji wa kijiji chenu kama ipo sheria ndogo ya kelele. Kama haipo, mkutano mkuu ujao ni mahali pake pa kuipendekeza.

Ngazi za kulalamika

Usiruke ngazi bila sababu. Kila unapofika, wataanza kukuuliza ulianzia wapi.

1. *Jirani mwenyewe*, kisha *mwenye nyumba*.
2. *Mwenyekiti wa kitongoji*, au wa mtaa kama unaishi mjini. Mabalozi wa nyumba kumi bado wanasuluhisha mambo haya sehemu nyingi. Hapa ndipo kesi nyingi zinapoisha.
3. *Mtendaji wa kijiji.* Peleka malalamiko kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.
4. *Kata.* Mtendaji wa kata, au Baraza la Kata. Mabaraza haya yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1985, yana wajumbe wasiopungua 4 na wasiozidi 8, na kazi yao ni kupatanisha.
5. *Halmashauri ya wilaya.* Afisa mazingira kwa kelele, afisa biashara kama ni baa au ukumbi wenye leseni.
6. *NEMC*, kupitia ofisi yake ya kanda.
7. *Polisi*, wakati wowote kunapokuwa na vitisho, vurugu au hatari.

Kabla ya ngazi ya tatu, anza kuweka kumbukumbu. Daftari la shule linatosha. Andika tarehe, saa ilipoanza, saa iliyoisha, kelele za aina gani, nani mwingine alisikia. Wiki mbili za kumbukumbu zina nguvu kuliko maneno "kila siku wanatusumbua". Kama wapo majirani wengine, waandike barua pamoja. Malalamiko ya nyumba tano hayaitwi tena chuki binafsi.

Baa, kibanda umiza, mashine na nyumba za ibada

Hapa jirani ni biashara au taasisi, na mbinu inabadilika kidogo.

*Baa na kumbi* zina leseni, na leseni ina masharti na saa. Anza na mmiliki au msimamizi, si mhudumu wala DJ. Mwombe ageuze spika zitazame barabara au shamba, si nyumba za watu. Uwanjani, kila umbali kutoka kwenye spika unapoongezeka mara mbili, sauti hushuka kwa kama desibeli 6, kwa hiyo kusogeza na kugeuza spika kunasaidia bila kuua biashara. Akikataa, afisa biashara wa halmashauri ndiye mwenye neno. Mwezi Mei mwaka 2023 NEMC ilifunga baa na kumbi za starehe zaidi ya 80 katika mikoa mbalimbali kwa sababu ya kelele. Wamiliki wanalijua hilo, na mara nyingi kulitaja kwa upole kunatosha.

*Kibanda umiza* kina siku zake, hasa za mechi kubwa. Kelele za goli hazizuiliki, na tusiwe wanafiki, hata sisi tunapiga. Kinachojadiliwa ni spika ya nje na saa ya kufunga.

*Mashine za kusaga na kukoboa* zinalisha kijiji. Jadilini saa za kazi, mashine ifungwe vizuri kwenye msingi wake isitikise ardhi, na bomba la moshi la injini liwe na kizuia sauti.

*Misikiti na makanisa* ni jirani wa heshima, na wengi wetu ndiko tunakosali. Nenda kwa viongozi, si kwa waumini, na usiende kama mpinzani wa dini yao. Ombi likiwa juu ya mwelekeo wa spika au sauti ya mkesha, na likiletwa na muumini wa hapohapo, husikilizwa vizuri zaidi. Sherehe na mikesha ya nje inayotumia vipaza sauti usiku inahitaji kibali, ni haki yako kumuuliza mtendaji kama kimetolewa na kinaishia saa ngapi.

Mambo ya kutofanya

Usijibu kelele kwa kelele. Kununua sabufa kubwa kuliko ya jirani kunawaamsha wengine wanane ambao hawakuwa na kosa.

Usikate umeme wa nyumba wala kugusa nyaya. Ni hatari ya kufa na ni kosa.

Usirushe mawe kwenye bati. Usimseme jirani kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, wala usimrekodi na kumsambaza. Kesi ya kelele inaweza kugeuka kesi yako ya kumchafua mtu.

Usimtume mtoto kwenda kumwambia mtu mzima apunguze sauti. Ni kumvunjia heshima, na unamweka mtoto kwenye hasira ya mlevi.

Na kama mwenye kelele ni wewe

Fanya jaribio moja jioni ya leo. Washa redio au sabufa kwa sauti unayoizoea, funga mlango, toka nje, kasimame kwenye dirisha la jirani. Mwombe, kama mnaelewana, usimame ndani ya chumba chake dakika moja. Utajua ndani ya dakika hiyo.

Halafu rekebisha: punguza besi kwenye redio kabla hujapunguza sauti yote. Weka sabufa juu ya kipande cha godoro au mkeka uliokunjwa, mbali na ukuta. Kaa karibu na redio badala ya kuipandisha. Redio iliyo karibu nawe, kwa sauti ndogo, unaisikia vizuri kuliko iliyo kona ya mbali kwa sauti kubwa. Tunasema haya tukijua ni redio yetu unayoipunguza. Hatupotezi msikilizaji kwa kusikilizwa kwa sauti ya chini. Tunampoteza redio inapogeuka sababu ya ugomvi ndani ya nyumba.

Na jirani akija kukuomba, usiulize "wewe nani?" Amepiga hodi, amesalimia, amekueleza shida yake. Hiyo ni heshima amekupa. Angeweza kwenda moja kwa moja kwa mtendaji.

Yule mtangazaji wetu aliyegongewa mlango usiku aliomba radhi, akahamisha spika kwenye ukuta wa pili, wakakubaliana saa 4. Mama yule hakugonga tena kwa ajili ya kelele. Aligonga miezi kadhaa baadaye, mchana, kuomba amwangalizie mtoto aende kisimani.